Alishinda na Kifo

Mpendwa dada Nsimire,

Kabla ya habari zangu nataka zako. Goti linakuruhusu kupanda mlima wa kanisani, au bado wajukuu wanakushika mkono? Mimi hapa kambini Dzaleka, kati ya wakimbizi wenzangu, ni mzima. Nsima, ugali wa huku, nimeizoea, na bado nawafundisha katekisimu wanaotaka kubatizwa Pasaka.

Kati yao yupo Zabuloni. Ndiyo, jirani yule yule aliyewaonyesha wenye bunduki mlango wa mdogo wetu Bahati. Amekonda; nilimtambua kwa sauti. Sikumfukuza, dada. Niliandika jina lake nikangoja siku ya mtihani, maana anayeshindwa habatizwi, na anayetahini ni mimi.

Nikamuuliza mbele ya wote: "Kristo alifanya nini na kifo?"

Jibu ni fupi: alishinda kifo. Yeye akasema, "Alishinda na kifo."

Darasa likacheka. Mama mmoja Mrundi akamtania: "We baba, kwani walikuwa banapika pamoja?" Nami nilifurahi, nakiri. Nikamweleza taratibu, unavyonijua, kwamba kushinda kifo ni kukiangusha, lakini kushinda na kifo ni kukaa nacho mchana kutwa. Kwamba hiyo "na" ndogo inabomoa imani nzima. Nikashika kalamu nimfute.

"Mwalimu," akasema kwa Kiswahili cha kwetu, "njo hivyo nilitaka kusema. Jumamosi yote alikuwa mule kaburini. Alishinda nayo. Mi pia nashinda na kifo ya Bahati, kila siku. Yeye alitoka. Mi sijatoka."

Nikaiweka kalamu chini. Miaka yote niliyofundisha ushindi ule sijapewa jibu la kweli kama hilo, na kwamba limetoka kinywani mwake ndicho kilichoniudhi. Nikamwambia: "Basi ujue. Kama kifo kimeangushwa, Bahati hajaisha. Atasimama, na atakutazama."

"Njo ile naogopa, mwalimu. Njo maana nilikuya."

Jana nilikwenda Lilongwe, kule Old Town, kununua kitambaa cheupe cha kanzu za ubatizo. Muuzaji akauliza ni za watu wangapi. Nikasema tisa. Alipokwisha kukata nikamwambia aongeze ya mtu mmoja, kwa ukali hata akauliza amenikosea nini.

Usiseme nimesamehe. Nimemfaulisha ili siku ya ufufuo, Bahati atakapomuuliza, asipate kusema hakufundishwa.

Nisalimie shemeji yangu, mume wako, na shangazi yetu anayeuza ndizi. Mjane wa Bahati umsomee barua hii yote, usiruke kitu. Akinilaani, niandikie maneno yake kama atakavyoyasema.

Ni mimi kaka yako,
Mwalimu Deogratias