Hukumu ya Kijiti na Jairo

Jumatatu, 4 Agosti

Nimeficha ugonjwa. Mwaka mzima sasa. Mkono wa kulia unatetemeka, na tangu Pasaka wa kushoto umeanza kuufuata. Daktari wa mishipa ya fahamu alinieleza bila kuzunguka: hautapona, utazidi, mwishowe kumeza kutanishinda. Nilimshukuru. Nikarudi hapa Kamenu, Thika, nikamwambia Wanjiru, mke wa mwanangu, kwamba ni presha tu.

Naandika asubuhi, dawa ikiwa imeshika. Mchana ikishaisha nguvu naketi juu ya mkono, au nautia mfukoni mwa koti. Chai naomba nusu kikombe. Nasema moyo haupendi majani mengi. Kanisani niliacha kupitisha sinia ya Meza ya Bwana, nikasingizia goti. Vile vikombe vidogo vya glasi vilikuwa vimeanza kugongana kama meno ya mtu mwenye homa. Mama mmoja alidhani nimeguswa na Roho.

Leo: uji, gazeti, jua kidogo, kisha mawingu. Baridi ya Agosti haina haya. Mjukuu wangu Nyokabi, binti wa Wanjiru, alipiga simu kutoka Ruiru alikopanga. Anakuja kesho na mwenzake. Wana kesi, wanataka niamue.

Jumanne, 5 Agosti

Walikuja na mkate, maziwa na sukari, kama inavyompasa anayepeleka neno kwa mzee. Hilo lilinifurahisha. Kizazi hiki hakijasahau kila kitu.

Nyokabi na Harjit. Harjit ni mwana wa mwenye duka la vifaa vya ujenzi hapa Thika. Baba yake nilimfundisha fizikia. Mwana ananiita Mwalimu kwa urithi; Nyokabi huniita Guka, yaani babu. Ndiye nahodha wa timu yao. Wanacheza mchezo wa kufyatuliana risasi kwenye runinga, wanne dhidi ya wanne. Jumamosi kuna mashindano mtaani Kahawa Sukari. Walibeba mashine yao yote, wakaiunganisha na runinga ya sebuleni.

Kesi yenyewe. Kidhibiti, kifaa cha kuongozea mchezo, hushikwa kwa mikono miwili. Harjit hulenga kwa kijiti: kidole gumba kinasukuma kijiti, na alama ya shabaha inasogea kwenye kioo. Nyokabi hulenga kwa kuinamisha kidhibiti chenyewe. Ndani mna kipima mwendo, wao hukiita jairo. Ukipinda kifundo cha mkono kidogo, alama nayo inapinda kidogo.

Harjit anasema jairo haiaminiki. Mwezi uliopita, katikati ya mechi, alama ya Nyokabi ilihama yenyewe na timu ikatolewa. Anataka Nyokabi arudi kwenye kijiti, au nafasi yake ichukuliwe na binamu wa Harjit, ambaye sasa ni wa akiba. Nyokabi anasema kijiti ndicho chenye ujanja. Mwenye kijiti husaidiwa na mashine: alama ikimkaribia adui, inavutwa imfuate. Mwenye jairo hasaidiwi na yeyote.

Walirushiana maneno palepale mbele yangu.

"Mwalimu, hebu muone akicheza. Anazungusha mikono utadhani anapepeta mchele."

"Afadhali kupepeta. Wewe mashine inakushika mkono kama mtoto wa nasari. Guka, mwambie!"

"Mwalimu, mwambie wewe. Mimi ananidharau."

"Nakudharau kwa sababu nakujua."

Nilicheka. Sikuwa nimecheka siku nyingi. Nikawaomba waape kwamba neno langu litakuwa la mwisho. Waliapa. Kila mmoja alinionyesha namna yake. Kisha wakanipa mimi nijaribu.

Mchana ulikuwa umeenda. Dawa ilikuwa imekwisha.

Kijiti kwanza. Alama ilitulia kabisa. Harjit alieleza kwamba kijiti kina sehemu mfu pale katikati, mtikisiko mdogo haufiki popote. Nilielewa maana yake haraka kuliko alivyokusudia.

Kisha Nyokabi akawasha jairo. Alama iliruka huku na huku kama nzi ndani ya chupa. Yote niliyoyafunika kwa koti mwaka mzima yalikuwa pale kwenye runinga, makubwa, mekundu.

Harjit alipiga makofi. "Mmeona? Hata kwa Mwalimu imeharibika!"

Hakuna aliyeitazama mikono yangu. Wote waliitazama runinga.

Nikaweka kidhibiti kwenye kochi. Nikasema chombo kisichotulia hakifai mashindano. Nikasema kijiti.

"Sawa, Guka," Nyokabi alisema. Akaanza kukunja nyaya.

Jumatano, 6 Agosti

Sina raha.

Nimeamua kesi nyingi katika ukoo wetu. Mipaka ya mashamba. Mirathi. Ng'ombe aliyeingia kwenye mahindi ya jirani. Siku zote nilikuwa nawaonya wazee wenzangu: shahidi asiwe hakimu. Jana nilikuwa vyote viwili, na shahidi alidanganya.

Najiambia ni mchezo tu. Halafu nakumbuka Nyokabi alivyokunja zile nyaya. Amemaliza chuo, kazi hajapata, na kila jamaa ana maoni kuhusu maisha yake. Katika timu ile hakuingizwa kwa mkono wa mtu. Nafasi aliipata kwa kulenga.

Wanjiru aliuliza kwa nini sijagusa mkate walioleta. Nilisema mgumu. Ulikuwa laini.

Alhamisi, 7 Agosti

Nyokabi alirudi, peke yake, baada ya chakula cha mchana. Alileta kidhibiti kile kile.

Amekipima. Alikilaza juu ya meza: alama haikusogea hata unywele. Akakishika mwenyewe: haikusogea. Akampa jirani yake wa Ruiru, muuza mitumba, mtu asiyejua lolote kuhusu michezo: ikatulia. Ameniambia pia kwamba kosa la mwezi uliopita lilikuwa lake. Jairo lazima ilazwe mahali tulivu kabla ya mechi ili mashine ijue katikati ni wapi. Siku hiyo aliiweka juu ya goti, na goti lilikuwa likitikisika kwa hofu. Hakujaribu kujitetea. Alisema tu ndivyo ilivyokuwa.

Kwa siku mbili amejaribu kijiti. Anasema ni kama kuandika kwa mkono usio wako. Katika mazoezi ya jana alikuwa wa kwanza kuuawa kila raundi.

"Guka, jaribu tena mara moja tu. Nitampigia simu Harjit aone kwa video."

Alininyooshea kidhibiti. Mkono wangu ulikuwa chini ya paja, na ulikuwa ukiligonga kochi. Nilihofu atausikia.

Nikamkaripia. Nikamwambia neno likishatoka kwa mzee halirudi mdomoni, na kwamba ukaidi ndio unaomkosesha kazi. Hilo la kazi halikuhusiana na chochote. Nilijua litamfukuza, nikalitumia.

Aliondoka bila kunywa chai. Lakini aliosha kikombe changu kwanza.

Mimi ni mtu mbaya kuliko nilivyodhani.

Ijumaa, 8 Agosti

Nilipaliwa na ugali. Mchana, mbele ya Wanjiru. Tonge lilikwama, sikuweza kulipandisha wala kulishusha. Alinipiga mgongoni mpaka likatoka. Nikasema ni haraka zangu. Akanisogezea kikombe cha maji.

"Baba, wewe hujawahi kula haraka tangu niolewe hapa."

Kwa hiyo ugonjwa umefika kooni. Daktari alisema ungefika.

Wanjiru aliniambia pia habari za Ruiru. Nyokabi amempisha binamu wa Harjit. Kesho atakwenda Kahawa Sukari hata hivyo, kuwabebea mashine na nyaya. Harjit amemsifu kwa kuheshimu uamuzi wa wazee.

Kuheshimu. Neno hilo lilinikwama kuliko tonge.

Nimemwomba mwanangu Kamau, mume wa Wanjiru, anipeleke huko kesho kwa gari. Nimemwambia nataka kuwaona vijana wakicheza. Ameshangaa, amekubali. Namshukuru kwamba hakuuliza.

Jumamosi, 9 Agosti

Mwandiko ndio huu. Leo sikumeza dawa. Si ya asubuhi, si ya mchana. Nilitaka mkono useme wenyewe.

Ukumbi ulikuwa umejaa wanafunzi na makelele. Vijana walinipisha njia kama niliyekuja kufungua kwa sala. Timu ilikuwa mezani ikijiandaa, binamu ameshakalia kiti. Nyokabi alikuwa chini ya meza akichomeka nyaya. Harjit aliinuka akanipa kiti chake. Alidhani nimekuja kuwabariki.

Niliomba kidhibiti. Niliomba wawashe jairo.

Alama iliruka. Kuliko Jumanne, mara kumi. Vijana wa meza za jirani wakageuka. Mmoja akacheka, akadhani nafanya mzaha.

Nikakilaza kidhibiti juu ya meza. Alama ikasimama kimya.

Nikakishika tena. Ikaruka. Nikakilaza. Ikasimama.

Nikamwuliza Harjit kama nilivyokuwa nikimwuliza baba yake darasani: kati ya jaribio la kwanza na la pili, ni kitu gani kimebadilika?

Mara hii aliacha kuitazama runinga. Aliitazama mikono yangu.

"Ni mikono, Mwalimu."

"Ya nani?"

"Yako."

Nikasema, kwa sauti ya kusikika na wote waliokuwa karibu, kwamba jairo ilikuwa nzima tangu mwanzo. Kwamba mimi ni mgonjwa, na nilijua, na nilikaa kimya chombo kikasingiziwa. Kwamba hukumu ya Jumanne imefutwa. Kamau alikuwa nyuma yangu. Nilimsikia akivuta pumzi kama aliyemwagiwa maji baridi. Nyokabi alitoka chini ya meza akiwa bado na waya mkononi. Alikuja akasimama upande wangu wa kulia, ule mbaya.

Harjit alimgeukia binamu yake. Binamu alikuwa ameshainuka.

"Afadhali," alisema. "Mimi tumbo linaniuma tangu Ruiru."

Watu walicheka, na ikawa rahisi kupumua.

Nyokabi alilaza kidhibiti mezani. Alisubiri. Akakishika. Mechi ya kwanza walishinda. Ya pili walishindwa, wakatolewa. Katika raundi ya mwisho wenzake wote watatu walikuwa wameanguka, amebaki yeye dhidi ya wawili. Alimpata mmoja. Wa pili alimpata yeye. Ukumbi ulimpigia makofi, hata wapinzani.

Harjit alimwambia, "Pepeta hivyo hivyo, dada. Hiyo nafasi hakuna anayeigusa."

Ndani ya gari Kamau hakuwasha redio. Tulipopita Ruiru alisema neno moja tu: "Baba." Nikasema ndiyo. Tukaendelea.

Jumapili, 10 Agosti

Sikwenda kanisani. Manyunyu tangu asubuhi. Nimemeza dawa.

Wanjiru ameleta chai, kikombe kizima, akakishika upande mmoja nami nikashika mwingine. Hatukumwaga. Amesema tangu mwezi wa tatu alikuwa akishuku. Alingoja niseme mwenyewe. Amekwishampigia daktari.

Nyokabi alilala hapa jana. Baada ya chai alileta beseni la maji ya moto na kikata kucha. Mwenyewe nilikuwa nimeacha kuzikata, nilishajijeruhi mara mbili. Alishika kidole kimoja kimoja, kwa nguvu kidogo, akingoja kitulie. Alikuwa akinieleza kuhusu raundi ile ya mwisho, alivyopaswa kungoja nyuma ya ukuta badala ya kutoka. Alipomaliza alifuta mikono yangu kwa taulo, akaenda kumwaga maji.

Wamenisamehe wote. Nimesikia Kamau akiwaeleza jamaa kwa simu: mzee aliona aibu, hakutaka tumuone akitetemeka, ndiyo maana akakosea. Ni maelezo mazuri. Yana huruma. Jana ukumbini nami nilisema karibu hayo hayo, nao wameyapokea, na nikiyaacha hivyo watanizika nayo.

Si kweli. Au ni nusu.

Siku ya Jumanne Nyokabi alinionyesha jairo kabla sijashika chochote. Aliinamisha mikono kidogo sana, na ile alama ikaenda ikasimama juu ya shabaha. Haikutikisika. Hakuna mashine iliyoivuta. Kati ya mkono wake na pale alipokusudia hapakuwa na kitu. Niliona kwamba ana haki, na kwamba namna yake ndiyo bora. Hilo sikulitilia shaka hata kidogo. Nikaitazama mikono ile, ya miaka ishirini na mitatu, imetulia bila hata kujua kwamba imetulia.

Kijiti nilikichagua hapo. Alama ilikuwa bado haijaruka.

Nilimwonea mjukuu wangu wivu.