Mwenye Alikufa ni Nani?

Kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi

Mudogo wangu Bahati,

Amani ya Yesu ikukute mzima, we na bibi yako na batoto. Ule mudogo wenu alipona homa? Huku tunapumua. Mama anakohoa juu ya hii baridi, na cherehani yangu inatupatia nsima, ule ugali ya huku, kila siku.

Sasa Bahati, umetutesa. Uliandika hivi: "Tulipata habari ya bwana ya Furaha mwenye alikufa kule Fizi. Mumuambie mama polepole." Nimuambie nini? Mwenye alikufa ni bwana, ao ni Furaha, dada yetu? We mwalimu muzima, unafundisha batoto ba bantu kuandika frazi, na frazi yako moja inatuulia bantu babili.

Nilisoma mara ya kwanza, mama akamulilia Furaha. Nikasoma tena, akapangusa machozi: labda ni bwana. Pasta wetu akasema lile neno "mwenye" linafuata mutu wa karibu, basi ni Furaha. Jirani yetu Murundi akakataa: frazi ilianza na bwana, njo yeye. Banabishana vile mbele ya mama, chai yangu inapoa. Nilibafukuza bote.

Nikaenda Lilongwe, soko ya Tsoka, kwa mama mumoja wa Fizi, anauza vitenge, alifika juzi tu. Akanishika mukono. "Pole, dada. Nilisikia, ni bwana ya Furaha mwenye alikufa."

"Nani alikufa?"

"Si nimekuambia? Bwana ya Furaha mwenye alikufa."

Kumbe naye alisikia kwa bengine, vile vile.

Jana nilimukuta mama anaomba: Mungu, ikuwe ni bwana yake. Na ule bwana, Bahati, njo alimubeba mama mugongoni wakati tulikimbia Uvira. Kuniona, akafunika uso na kitenge. Mi pia niliomba ile ile.

Tafazali, andika tena. Jina ya mwenye iko mzima, peke yake, halafu uweke nukta.

Umusalimie shangazi mwenye anatuchungia shamba, na bale balimu benzako. Kati ya Furaha na bwana yake, umusalimie ule mwenye alibakia. Sijui niandike jina gani.

Ni mi dada yako,
Esperansi