Feni Imenyamaza

Busia, Jumatano, 1996

Kumbe si uzee. Nimeilaani feni yetu bure. Fundi aliizungusha kwa kidole akasema, "Mama, bawa moja limepinda, ndiyo maana inatetemeka. Ile ya jirani iko kimya kwa sababu mabawa yake yako sawa." Akalinyoosha, akafuta vumbi, akatia mafuta ya cherehani.

Sasa inazunguka bila sauti. Nimechoka, nikadhani leo nitalala.

Lakini mume wangu amelala hapa kando yangu, na kila pumzi nasikia kifua kikikwaruza. Kelele ya feni ilikuwa inakificha. Kesho twende hospitali ya Nangina, hata akikataa. Na akikataa tena...

Kila asubuhi huniambia kikohozi kimeisha. Nami nilikuwa namwamini.