Samadi Niliyoificha kwenye Banda la Nailoni

Jumanne, mwezi wa kumi. Upepo umeamka kabla yangu, unapiga nailoni ya banda la Salome kama mtu anayekung'uta shuka.

Nimefanya jambo.

Salome ni binti yangu wa mwisho. Ana banda hapa Mtinko, wenye shule wanaliita kitalu nyumba, na ndani yake kuna nyanya alizozilea kuliko alivyolea wanawe. Mbolea anaipima kwa kijiko, anaikoroga kwenye pipa, inapita kwenye mipira na kudondokea kila shina. Mimi wa darasa la nne nilikuwa nakaa mlangoni nikimcheka, namuuliza hizo nyanya zina kikohozi tangu lini.

Wiki tatu zilizopita alikwenda msibani kijiji cha Mkiwa. Nikaingia na samadi ya mbuzi, gunia baada ya gunia. Nikaifukia kando ya mashina, nikasawazisha udongo kwa mkono kama mwizi anayefuta nyayo. Nilitaka nyanya zikinenepa nimwambie: unaona, mzee bado yumo.

Hazikunenepa. Majani yakaanza kuungua pembeni. Mchana zinalegea na udongo umelowa. Juu ya udongo pakatoka unga mweupe, kama kingo za ziwa letu la chumvi likikauka. Salome akampigia bwana shamba, naye akahisi ni mnyauko, ugonjwa wa kuambukiza: ng'oa zote, choma. Akapanga kuzing'oa leo.

Siku nne nimemwona akipita na uso wa msiba, na mimi nakunywa uji wake.

Zamani tulikuwa tunahamisha zizi. Baba alifanya hivyo, na mimi nikafuata. Ng'ombe wakikaa mahali misimu kadhaa, unang'oa ua wa miiba, unawapeleka upande mwingine, na pale walipolala ndipo panapokuwa shamba. Uwele wa pale ulikuwa unamficha mtu mzima. Utotoni nilijificha humo kukwepa kuchunga. Ukubwani nilijificha humo na mama yake Salome, ila hayo si ya kuandika.

Marehemu mama yake alikuwa anabeba samadi kwa kikapu kichwani, inamdondokea mabegani, ananuka zizi na anacheka. Siku ile bandani, nilipofungua gunia la kwanza, harufu ile ilinijia. Nadhani ndiyo maana sikuishia kwenye gunia moja.

Leo asubuhi Salome amekuja amejifunga kanga kiunoni, tayari kung'oa. Nikasimama mlangoni, nikamwambia yote. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akaniamkia, shikamoo baba, kwa kuwa alikuwa hajaniamkia, ndipo akaanza kunisema.

Alipomaliza akauliza, "Mlipohamisha zizi, mlikuwa mnapanda palepale siku hiyohiyo?"

"Hapana. Mama yako alikuwa anakataa. Mpaka mvua iipige samadi kwanza."

"Na humu ndani, baba, mvua inapitia wapi?"

Nikatazama juu. Nailoni.

Akakata shina moja, akalitumbukiza kwenye glasi ya maji safi. Ingekuwa mnyauko, anasema, ungetoka uzi mweupe kama maziwa. Tukachuchumaa wawili tukiikodolea macho glasi. Maji yakabaki safi tu, kama yalivyochotwa.

Hakuna ugonjwa. Kuna mimi.

Mchana kutwa tumekwangua samadi na kuitoa nje. Sasa tunamwaga maji ya kisima, mengi, yaishushe chumvi ya samadi chini, mbali na mizizi. Mistari miwili ya mlangoni imekwisha kufa. Iliyobaki hatujui. Salome amenifukuza kwenye kijiko chake mpaka Mungu atakaponichukua, na mgongo wangu unasema huenda ni karibu.

Tulipopumzika aliniuliza, bila hasira sasa, mama yake alikuwa anajuaje kwamba mvua imetosha.

Miaka yote ile mimi nilikuwa nabeba tu. Yeye ndiye aliyekuwa anachota udongo, anaubana kiganjani, anaufungua, anasema bado. Au anasema haya, leteni mbegu.

Sikumuuliza hata siku moja.

Kesho nitachota udongo wa bandani, niubane kiganjani mbele ya mwanangu. Nikiufungua, sijui nitakuwa naangalia nini.