Gundi ya Jino la Bi Inshirah

Jumapili, 5 Oktoba
Amekubali nitumie gundi! Dokta Wagdi mwenyewe, mwenye kliniki, mzee wa kubandika meno kwa saruji ya unga na maji tangu sijazaliwa. Maabara wameleta jino la mbele la Bi Inshirah: la zikonia, ile kauri ngumu kama chuma, na bawa dogo nyuma la kushikamana na jino la jirani. Hakuna kuchonga! Meno yake ya pembeni ni mazima kabisa. Lakini bawa halishikwi na saruji, linashikwa na gundi tu. Binti yake anaolewa Alhamisi ya wiki ijayo, na mtaa wetu wote wa Tanta unajua vigelegele vyake. Tangu jino litoke hajapiga hata kimoja. Sharti la Dokta Wagdi: likidondoka, anayachonga yale mawili ya pembeni na kufunga daraja la meno juu yake, na mimi nisilete tena habari za gundi.

Jumatatu, 6 Oktoba
Sikukuu, hakuna wagonjwa. Raha iliyoje! Chupa tatu za gundi mezani, meno yaliyong'olewa kwenye maji, chai na mimi. Ya kwanza ni ile ya pakaa-umalize. Kipande cha zikonia kikang'oka kwa ukucha. Ya pili nzuri kwa porseleni, zikonia haiitambui. Ya tatu! Jino nalipaka asidi na kulisuuza, zikonia naipuliza mchanga, naipaka dawa ya kushikiza, ndipo gundi. Nimevuta kwa koleo mpaka mkono ukauma. Jino limevunjika, gundi haikuachia. Nimecheza peke yangu kliniki nzima.

Jumatano, 8 Oktoba
Limebandikwa! Bi Inshirah amejitazama kwenye kioo, akalia, akaniachia mfuko wa dengu za sukari. Nimeshamaliza nusu.

Jumamosi, 11 Oktoba
Limetoka. Lilibaki kwenye mkate.

Dokta Wagdi hakunigombeza — afadhali angenigombeza. Alimwambia tu Bi Inshirah kwamba gundi za kisasa ndivyo zilivyo, akampa miadi ya kuchonga kesho. Mama wa watu akaondoka amefunika mdomo kwa mtandio. Nimelikagua bawa chini ya taa. Gundi yote ilibaki kwenye jino lake, kwenye zikonia hakuna hata chembe. Nikakumbuka. Nilipolijaribisha mdomoni liliingia mate, nami nikalisafisha kwa asidi, kama ninavyofanya kila siku kwa porseleni. Kwenye zikonia asidi ile inakalia nafasi yote ambayo dawa ya kushikiza ingekamata! Mazoea yana tabu. Nikinyamaza, lawama ni ya chupa. Na meno mawili mazima yatasagwa. Naona aibu mpaka masikio yanawaka.

Jumapili, 12 Oktoba
Nilimkuta Dokta Wagdi anakunywa chai kabla ya mgonjwa wa kwanza.

"Si gundi, Daktari. Ni mimi," nikamwambia, nikamweleza yote.

Alikoroga mpaka chai ikapoa. "Ungenyamaza, binti yangu, nisingejua kamwe."

"Najua."

"Haya, kabandike upya. Nitasimama nyuma yako hatua kwa hatua."

Na alisimama! Mpira mdomoni kuzuia mate, mchanga upya, dawa, gundi. Asidi kwenye jino tu! Kwenye mchanga akauliza kwa nini. Kwenye gundi akataka ashike mwenyewe taa ya kugandishia. Bi Inshirah, mdomo wazi, alikuwa anatucheka kwa macho.

Alhamisi, 16 Oktoba
Naandika kwenye kiti cha plastiki, uani kwa Bi Inshirah, baada ya alasiri. Siku nne, bado lipo! Lakini mkate ni mkate, vigelegele ni jambo lingine. Dokta Wagdi kando yangu, kavaa suti, ananong'ona kwamba likiruka na kumwangukia shekhe, yeye hanijui. Nacheka. Wamesaini hati ya ndoa! Wanawake wote wamemgeukia Bi Inshirah, hakuna wa kumtangulia mama wa bibi harusi. Huku kwetu mpiga vigelegele huziba mdomo kwa kiganja. Amekiinua. Amenitazama. Amekishusha, amefungua mdomo wote mbele ya watu —