Milango ya Kabati

Karagwe, 9 Machi 1956

Kaka Ndyamukama,

Shikamoo. Mama hajambo, ila mvua imeangusha migomba upande wa kisimani.

Umeniuliza kama lile kabati ulilotuchongea linafaa na kama kufuli lake linafanya kazi. Nikuambie! Kabla yake, vitabu vya shule vilikaa kwenye kikapu changu na mimi ndiye niliyeviazimisha. Watoto walivifunga kwa majani makavu ya mgomba visilowe, wakaenda kuwasomea bibi zao jikoni. Vilirudi vinanuka moshi, nami nikajua vimesomwa.

Mwalimu mkuu alipoona kufuli lako zuri, akavifungia vyote, ufunguo akatia mfukoni.

“Mwalimu Kokushubira, vitabu vya serikali havinuki jiko. Mkaguzi akija avikute safi.”

Safi! Tangu Krismasi hakuna mtoto aliyegusa ukurasa. Mjukuu wa jirani yetu Felicitas, aliyekuwa akisoma bila kusita, sasa anakwama kwenye sentensi fupi. Nimeomba, nimebembeleza, mkuu ananicheka tu. Na wewe unauliza kama kufuli linafanya kazi! Linafanya kazi kaka, tena kuliko mwalimu mkuu mwenyewe.

Basi Jumamosi nilichukua nyundo ya baba nikaing'oa milango yote miwili. Nimeilaza juu ya mawe nje ya darasa, watoto wanaikalia wakisoma.

Kesho naitwa mbele ya padri anayesimamia shule. Huenda nikafukuzwa, nikarudi kulima. Ukimwandikia Mama, usimwambie bado.

Ukija Pasaka, usithubutu kuleta bawaba. Lete miguu ya benchi.

Mdogo wako,
Kokushubira