Eda Kambini

Kambi ya Mkonge, Korogwe
8 Agosti 1965

Mama yangu,

Shikamoo. Nisamehe kwa kukaa kimya hivi. Barua zako mbili nilizipata, nikaziweka chini ya mto, kila siku nasema kesho. Magoti yanaendeleaje? Wajukuu zako Zamda na Mhina hawajambo, wanakusalimu.

Uliniagiza nirudi Kwamsisi nikae eda ya mume wangu nyumbani kwako. Mama, sitaweza. Wiki ile ile toroli la mkonge lilipomwangukia Athuman, mnyapara Filemoni alikuja akasimama nje, kofia mkononi.

"Pole, dada. Nimetumwa tu. Chumba ni cha mfanyakazi. Shule nayo ni ya watoto wa wafanyakazi."

"Na mfanyakazi akifa?"

"Anaingia mwingine."

Nikamwambia basi naingia mimi.

Zamda yuko darasa la nne, mtihani ni Novemba. Watakaofaulu, kampuni itawalipia karo ya huko juu. Nikiondoka, anafutwa. Kwa hiyo natoka asubuhi kuanika singa za mkonge kwenye nyaya, mimi na wanawake wenzangu, na jua halijazama nimerudi chumbani. Kaniki sijaivua. Mafuta sijapaka. Usinikasirikie.

Mwanao,
Zuena

Kwamsisi
30 Agosti 1965

Mwanangu Zuena,

Marahaba. Mimi nipo, magoti ndiyo yale yale. Anayeniandikia ni mwalimu Muhidini wa chuoni. Nimemwuliza habari yako. Anasema mwenye dharura hutoka mchana, akarudi kulala kwake. Nimemwambia aandike hivyo kwa kuwa ni kweli. Lakini mwanangu, dini ina ruhusa zake, watu hawana.

Wakwe zako walikuja kutoka Handeni na kuku na unga, wakijua wewe umekaa kwangu. Wakakuta mkeka mtupu na mimi. Shemeji yako Sadala akasema mbele za watu: "Asiyemkalia kaka yangu hawezi kumlelea watoto." Anakuja kuwachukua. Rudi, Zuena. Mimi sikusoma na nimekulea.

Mama yako

Korogwe
10 Oktoba 1965

Mama,

Shikamoo, na pole kwa aibu niliyokuletea. Mimi kifua kinabana kidogo, ni vumbi la singa tu.

Sadala alikuja Jumapili iliyopita. Hata kuketi hakutaka.

"Shemeji, kaka hajakauka kaburini, wewe unaanika mkonge!"

Nikatoa panga la marehemu, nikamwekea miguuni. "Haya. Kata wewe mkonge wake, kipande cha kila siku, mimi nikae ndani nilie. Chumba kitabaki, Zamda atasoma, na kupika nitakupikia."

Akalitazama lile panga. Akasema yeye ana shamba lake.

"Basi nipe watoto."

"Zamda ana mtihani."

"Sirudi mikono mitupu. Mama ataniuliza."

Mama, nilimpa Mhina. Ana miaka minne, hana mtihani. Nilimvalisha mwenyewe, nikamwambia anakwenda kutembea. Hakulia, alifurahia kupanda basi. Zamda hajanisemesha tangu siku ile. Anasoma tu.

Nakuomba uende ukamwone.

Mwanao,
Zuena

Kwamsisi
19 Desemba 1965

Mwanangu,

Marahaba. Nilikwenda Handeni. Mhina ni mzima, amenenepa. Sasa mama anamwita mke wa Sadala. Niliomba nije naye, wakasema aje Zamda kwanza ndipo tuongee. Nikaondoka, chai yao sikuinywa.

Eda yako imekwisha. Mkeka niliukunja mwenyewe. Huko nani alikuogesha kukutoa eda? Au hukuogeshwa?

Mama yako

Korogwe
9 Januari 1966

Mama yangu,

Shikamoo. Ahsante kwa safari ile, najua ulivyotembea.

Niliogeshwa. Zamda aliniogesha, nyuma ya chumba, kwa ndoo moja. Maneno ya wakubwa hayajui, alisema bismillahi tu. Alipokuwa ananimwagia maji ndipo akanisemesha.

"Mama, nikifeli, Mhina atarudi?"

Nikamwambia hapana. Nikamwambia usifeli.

Hakufeli. Majina yalisomwa mbele ya ofisi, bwana mkubwa wa kampuni akawapa watoto mkono, wakapigwa picha. Sasa yuko darasa la tano, shule ya bweni Korogwe ya Zamani, na karo kampuni inalipa. Ila Filemoni amenieleza vizuri: siku nitakayoacha kazi ndiyo siku watakayoacha kulipa. Basi siachi, hata kifua kikibana. Na Zamda simtoi. Kawaambie akina Sadala hivyo hivyo, usiwapunguzie neno.

Sitakuja kwa Idi. Ninavyohitaji bado ni hivi. Blanketi lako la zamani, bwenini kuna baridi. Asali chupa moja, ya kifua. Unga wa muhogo kadiri utakavyojaliwa. Na Mhina. Wakikataa kumtoa, msimamishe ukutani bila viatu, umpime kwa uzi kutoka kisigino mpaka utosini, uukate hapo, unitilie kwenye bahasha. Nataka kumshonea kanzu isimbane. Uzi wenyewe usiuvute.

Mwanao,
Zuena